Kidato cha tano bure, diploma ya mamilioni na elfu hamsini ya kurisiti

Kila mwisho wa Januari, Baraza la Mitihani (NECTA) likishatoa matokeo ya kidato cha nne, mazungumzo ya Tanga hubadilika. Kwenye baraza za Ngamiani, ndani ya daladala za Pongwe na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kila mtu anauliza mtoto wa fulani kapata divisheni ngapi. Baada ya siku chache vipeperushi vya vyuo binafsi vinaanza kupita mitaani, na hapo linazuka swali la pili: tumpeleke advansi au chuo?

Maswali hayo mawili ndiyo yanayowatia wazazi hasara. Divisheni haimwingizi mtu chuo kikuu. Kinachomwingiza ni somo moja moja na herufi iliyoandikwa mbele yake. Na advansi na chuo si bidhaa za aina moja ambazo unaweza kuzipima kwa ada tu. Moja ni bure ila inasimama juu ya mtihani mmoja, nyingine inalipiwa ila humwachia kijana kazi mkononi hata akiishia katikati. Ushauri wangu kwa mzazi anayelenga chuo kikuu cha umma ni aanzie mwisho. Fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), tafuta kozi anayoitaka mtoto, soma kinachodaiwa pale, halafu rudi nyuma mpaka kwenye karatasi ya matokeo uliyonayo mkononi. Ukianza na kipeperushi, utalipa kwanza na kujua baadaye.

Tuchukue karatasi moja ya mfano. Binti wa shule ya kata, mkondo wa sayansi, masomo 9: Kiswahili B, Uraia C, Historia C, Biolojia C, Jiografia D, Kiingereza D, Kemia D, Fizikia F, Hisabati F. NECTA huhesabu masomo saba bora, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Piga hesabu: 2, 3, 3, 3, 4, 4, 4. Jumla 23. Divisheni ya tatu, maana tatu inaanzia 22 hadi 25. Nyumbani wanachinja kuku, na wana haki. Lakini angalia kilichofichwa na ile 23: F mbili, ya hisabati na ya fizikia, zimeangukia nje ya saba bora na hazionekani kabisa kwenye divisheni. Miaka mitatu au minne mbele ndizo zitakazosimama mlangoni.

Binti huyu ana krediti nne, yaani herufi za A hadi C katika masomo manne yasiyo ya dini. Sharti la msingi la kidato cha tano cha serikali ni krediti tatu. Kwa hiyo anaweza kuchaguliwa, ila si kwa PCB (fizikia, kemia, biolojia) wala CBG (kemia, biolojia, jiografia), bali kwa kombi za sanaa, mathalani HGK, ambayo ni historia, jiografia na Kiswahili, au HKL, ambayo ni historia, Kiswahili na Kiingereza. Mama yake anataka awe nesi. Hapo ndipo mtu mwenye kipeperushi cha chuo binafsi anapoketi barazani.

Bure ina bei gani?

Advansi ya serikali haina ada tangu mwaka wa masomo 2022/23, serikali ilipoongeza elimu bila ada hadi kidato cha sita. Kabla ya hapo bweni la serikali lilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na chakula cha bweni hulipiwa na serikali. Kwa mzazi, kilichobaki ni fomu ya maelekezo ya kujiunga. Isome kwa kalamu mkononi, kwa sababu humo ndimo pesa inamotoka: godoro, shuka za rangi waliyotaja wao, ndoo, sare mbili za darasani na moja ya michezo, viatu vyeusi, karatasi za rimu, fyekeo au jembe, na michango ambayo kila shule ina majina yake. Ukinunua vitu hivyo Tanga mjini wiki ya mwisho kabla ya kuripoti Julai, wauza magodoro wanakujua kwa uso. Anza Machi, kidogo kidogo.

Juu ya hapo weka nauli. Serikali humpanga mtoto popote nchini, si lazima mkoani kwake. Mtoto wa Pangani anaweza kupelekwa Songea, na wa Songea akaletwa Galanos au Usagara. Safari nne za likizo kwa miaka miwili, kwa mtu aliyepangiwa mbali, hupita ile ada ya zamani ya bweni mara kadhaa. Nauli hiyo hainuniwi na mtu kwa sababu haiitwi ada.

Shule za advansi mkoani tunazo, na zenye historia. Galanos ina jina la mkulima wa mkonge wa Kigiriki, Usagara ilikuwa ya akina Karimjee, Tanga Ufundi inajulikana nchi nzima, na Korogwe kuna shule ya wasichana. Tanga School yenyewe ilifunguliwa na Wajerumani miaka ya 1890 kuwatengenezea makarani na wasaidizi wa utawala wao, ambayo ni kusema wazazi wa mji huu wamekuwa wakiuliza shule inatoa kazi gani kwa zaidi ya miaka 120. Swali hilo si la tamaa.

Shule binafsi za advansi ni habari nyingine. Za bweni kwa kawaida huanzia milioni moja na nusu kwa mwaka, na zile zenye jina, hasa huko Lushoto, hupanda zaidi. Mwenye krediti tatu aliyechaguliwa na serikali sioni sababu ya kumhamishia huko, isipokuwa shule aliyopangiwa haina mwalimu wa fizikia na wewe unao uwezo. Kwa binafsi, uliza kitu kimoja tu kabla ya kulipa: matokeo ya kidato cha sita ya kombi hiyo kwa miaka mitatu, somo kwa somo. Yako kwenye tovuti ya NECTA, bure. Mkuu wa shule akikuonyesha wastani wa shule nzima, shukuru na utafute mwenyewe.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya, yaani kombi, zikafika 65 kutoka 16 zilizokuwapo. Wazazi wengi walifurahi, na vijana wakaanza kutaja kombi za michezo, muziki, Kichina na Kiarabu. Jambo jema. Ila kombi iliyo kwenye orodha ya wizara bado lazima iwe na shule yenye walimu wake, na lazima iwe na kozi ya chuo kikuu inayoitambua kwa masomo yake. Hapo tena, anzia mwisho.

Divisheni za tatu zinazofanana na hazifanani

Sasa mtego ambao nimeona ukiwaliza watu wazima. Kidato cha sita kina hesabu mbili, na zinakwenda kinyume. NECTA wanatoa A pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, na F 7, na kadiri jumla ilivyo ndogo ndivyo ilivyo nzuri: divisheni ya kwanza ni 3 hadi 9, ya pili 10 hadi 12, ya tatu 13 hadi 17. TCU wanageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Na wao wanataka prinsipo mbili, yaani E kwenda juu, zenye jumla isiyopungua 4 katika masomo mawili yanayoihusu kozi.

Weka vijana wawili waliotoka darasa moja. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana D, E na E. Kwa NECTA wote wana 14, divisheni ya tatu. Mtaani wote wamefaulu, na huyu wa pili anaweza hata kusifiwa kwamba hana S. Nenda TCU: wa kwanza ana 2 na 2, jumla 4, anaweza kuomba kozi inayoyataka masomo yake hayo mawili. Wa pili ana 2 na 1, jumla 3. Haingii kozi yoyote ya shahada kwa njia hiyo. Mwenye E tatu ana divisheni ya tatu ya pointi 15, lakini kwa TCU masomo yake mawili bora yanampa 2 tu.

Kwa hiyo advansi ya bure ina gharama ambayo haijaandikwa kwenye fomu: ukikosa hizo pointi 4, miaka miwili haijakupa shahada wala ufundi. Utarudi nyuma kuanza diploma na wenzako waliokwenda chuo mara tu baada ya kidato cha nne wapo mwaka wa mwisho. Si kwamba cheti cha kidato cha sita kinakuwa takataka, la. Vyuo vingi hupokea wenye prinsipo moja na subsidiari (S) moja kwa diploma ya miaka miwili badala ya mitatu. Lakini umelipa miaka.

Na hizo pointi 4 ni sakafu, dari iko juu zaidi. Udaktari unadai prinsipo tatu, fizikia, kemia na biolojia zote, na ushindani wa nafasi Muhimbili ni mkali kuliko maandishi ya mwongozo. Uhandisi unaangalia hisabati na fizikia. Kozi nyingine hazina maneno mengi upande wa kidato cha sita, ila zinateremka hadi cheti cha kidato cha nne kudai D ya hisabati au ya Kiingereza. Wanaosoma mwongozo kwa haraka huishia kwenye safu ya kwanza.

Chuo baada ya kidato cha nne

Njia ya pili inasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Sharti la kuanza ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi (NTA) ni D nne zisizo za dini, na kozi nyingine zinataja D hizo ziwe za masomo gani. Unasoma ngazi ya 4, ya 5, ya 6, mwaka mmoja mmoja kwa kozi nyingi, na ukimaliza ya 6 una diploma. Kwa diploma yenye GPA ya 3.0 au zaidi, pamoja na D nne za kidato cha nne, TCU wanakufungulia mlango wa shahada. Kwa hiyo kwa kozi ya shahada ya miaka mitatu, njia ya advansi ni miaka mitano na ya diploma ni sita. Kwa udaktari ni saba kwa nane. Tofauti ni mwaka mmoja, si karne, na tabibu mwenye diploma anaweza kusajiliwa na kufanya kazi kabla hajaamua kuendelea. Mwenye PCB mkononi hawezi kumchoma mtu sindano.

Upande wa ada, hapa panataka macho. Vyuo binafsi vya afya kwa kawaida vinatoza kuanzia milioni moja hadi karibu mbili kwa mwaka, kabla ya malazi, chakula, sare, vifaa vya mafunzo kwa vitendo na ada za mitihani. Ukiweka milioni moja na nusu mara tatu, ni 4,500,000 na kijana hajala wali. Vyuo vya serikali ni nafuu zaidi ila nafasi ni chache na huombwa na nchi nzima. NACTVET hutoa mwongozo wake kila mwaka, na humo, kwa kila chuo na kila kozi, wameandika sifa za kujiunga, muda, idadi ya nafasi na ada. Ada ya kipeperushi ikizidi ada ya mwongozo, una haki ya kuuliza iliyozidi ni ya nini. Na chuo kisichomo kwenye mwongozo, hata kama kina jengo la ghorofa na basi la rangi, usikipe hata shilingi.

Kilichopo karibu na nyumbani ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Mjini Tanga kuna chuo cha mifugo cha Buhuri, ambacho ni kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, na tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma kwa wanaotaka uhazili, utunzaji kumbukumbu na kazi za ofisi. Muheza kuna chuo cha kilimo cha Mlingano. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinachotoa cheti na diploma ya sheria. Korogwe kuna chuo cha ualimu. Mtoto anayelala kwao Mabawa na kwenda Buhuri kila siku anaokoa kodi ya chumba na chakula, na katika bajeti ya diploma hicho ndicho kipande ambacho wazazi hukisahau mpaka mwezi wa kwanza uishe. Mwenye diploma ya mifugo yenye GPA nzuri anaweza kuomba shahada Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, na akikosa bado ana kazi: ng'ombe wa maziwa wa Tanga hawasubiri mtu apate shahada.

Wanaopenda mambo ya ufundi watazame DIT, Chuo cha Ufundi Arusha na MUST ya Mbeya. Bajeti ya 2023/24 ilitangaza kuondoa ada ya diploma katika vyuo hivyo vitatu. Nafasi zake huombwa kupitia ile fomu ya uchaguzi ya TAMISEMI ambayo wanafunzi huijaza wakiwa kidato cha nne, na ambayo matokeo yakitoka mfumo hufunguliwa tena mtandaoni ili wabadili kombi na vyuo. Dirisha hilo la kubadili linapita bila watu kujua. Kijana aliyejaza HGL akiwa na ndoto, akapata B za fizikia na hisabati, asipoingia kubadili atapangiwa alichokijaza.

Halafu kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Ada ya VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, na chuo cha mkoa kipo hapa hapa mjini. Hakuna bei inayoshindana na hiyo kwa kitu chenye mkono wa kazi, hasa katika mji wenye bandari iliyopanuliwa, viwanda vya saruji na bomba la mafuta linaloishia Chongoleani. Watu wa kwetu bado wanaitaja VETA kwa sauti ya msiba. Sheria ya udahili haiko hivyo: TCU wanakubali mwenye diploma ambaye hana D nne za kidato cha nne, mradi ana cheti cha VETA cha daraja la tatu, NVA III. Ni njia ndefu, lakini ipo kwenye maandishi, na aliyeipita ana ufundi wake njiani. Mtaala mpya ulioanza na kidato cha kwanza cha 2024 una mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe, kwa hiyo miaka michache ijayo mazungumzo haya yatakuwa na sura nyingine.

Chuo kikuu chenyewe

Tanga tumezoea kuona vijana wakipandia mabasi Kange na mabegi makubwa, kwa sababu chuo kikuu cha umma cha kufikia kwa daladala hatukuwa nacho. Kituo cha Chuo Kikuu Huria kipo mjini, na Mzumbe wanajenga kampasi wilayani Mkinga chini ya mradi wa elimu ya juu wa HEET. Kwa wengi bado ni Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma. Ada za vyuo vikuu vya umma kwa kozi nyingi ni kati ya 1,000,000 na 1,500,000 kwa mwaka, na juu yake kuna 20,000 ya TCU kila mwaka. Kwa maneno mengine, mwaka mmoja wa shahada UDSM unaweza kuwa na ada ndogo kuliko mwaka mmoja wa diploma ya afya katika chuo binafsi cha uchochoroni. Mzazi anayeuza kiwanja ili alipe diploma ya binafsi halafu akafikiri shahada itakuwa ghali zaidi amepindua hesabu. Kinachokula pesa chuo kikuu ni kuishi.

Ndiyo maana mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ni sehemu ya bei. Fedha za chakula na malazi, bumu kwa lugha ya vijana, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kuomba mkopo kunagharimu 30,000, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, jambo ambalo watu huliacha hadi wiki ya mwisho. Mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano. Hili la miaka mitano linawagusa zaidi watu wa diploma: ukifanya kazi ya utabibu miaka saba ukiweka akiba, ukarudi kuomba shahada, Bodi haikuhesabu tena. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara. Tangu 2023/24 diploma nazo zina mikopo kwa kozi za vipaumbele kama afya, kilimo na mifugo, na nishati na madini, kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo cha diploma liwe kama kozi yao imo.

Wanafunzi wa sayansi waliong'ara kidato cha sita wana Samia Skolashipu tangu 2022/23, na huo si mkopo. Kwa familia yenye mtoto mkali wa PCM, hiyo peke yake inaweza kuamua kati ya advansi na chuo.

Kijana wa kidato cha sita pia ajue habari ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wanaochaguliwa kwa mujibu wa sheria huenda kambini kati ya mtihani wa Mei na kufunguliwa kwa vyuo. Maramba iko Mkinga, watu wa huku wanaifahamu. Maombi ya chuo na ya mkopo huangukia humo humo, basi nyaraka zake ziwe tayari na mtu wa nyumbani anayejua neno la siri la akaunti yake.

Mrejee yule binti

Mama anataka unesi. Vyuo vya uuguzi vinadai D za kemia, biolojia na fizikia. Fizikia ana F. Kozi ya famasia inamkubali kwa kemia na biolojia, na mwenye kipeperushi atasema kweli akisema "anaingia". Asichokisema ni kwamba mwongozo wa TCU, kwa shahada za famasia na udaktari kwa wenye diploma, haudai GPA ya 3.0 peke yake. Unadai pia D za kidato cha nne katika hisabati, kemia, biolojia, fizikia na Kiingereza. Atasoma miaka mitatu, atalipa hizo milioni nne na ushee, atapata GPA ya 4, kisha F mbili za zamani zitamrudisha mlangoni. Anaweza kufanya kazi ya dawa maisha yake yote na ikamtosha, hilo si dogo. Lakini aliambiwa atafika chuo kikuu.

Akienda HGK bure, akapata D mbili, atapata shahada ya sanaa au ualimu. Kama ni mtu wa historia na Kiswahili, hiyo ndiyo njia yake na ni ya bei ndogo kuliko zote. Kama anakwenda kwa sababu tu amechaguliwa na hakuna ada, mimi nisingempeleka kabla sijakaa naye tukaongea.

Njia ya tatu haina kipeperushi kwa sababu hakuna anayepata kamisheni. Ni kurisiti, yaani kurudia mtihani. Mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hulipa NECTA shilingi 50,000, na anayechelewa hulipa 65,000. Anakwenda kwenye kituo cha mtihani, anapewa namba rejea, anapata namba ya malipo, analipa na kujisajili mtandaoni. Anasoma hisabati na fizikia kuanzia Februari hadi Novemba, kwa tuisheni ya jioni ikiwezekana na mwalimu mmoja mzuri badala ya darasa la watu mia. Achague kituo chenye maabara, maana fizikia ina mtihani wa vitendo. Anatafuta D mbili tu, alama 30 kwa kila somo. Akizipata, unesi unafunguka, utabibu unafunguka, na shahada za afya huko mbele hazimwulizi tena. Amepoteza mwaka mmoja. Ukijumlisha tuisheni, bado hajatumia kiasi cha muhula mmoja wa chuo binafsi. Kabla ya kulipa popote, apige simu chuo anachokilenga aulize kama wanapokea matokeo ya mitihani miwili tofauti kwa pamoja, ajibiwe kwa maandishi.

Kurisiti si kwa kila mtu. Mwenye F sita hasomi mwaka mmoja akazifuta zote. Huyo VETA ya 60,000 ni biashara bora kuliko tuisheni ya miaka mitatu. Na mwenye D nne safi anayependa mifugo hana sababu ya kurisiti chochote, aende Buhuri. Lakini kwa aliyekwamishwa na somo moja au mawili, na hao ndio wengi kwenye divisheni ya tatu na ya nne za mkoa huu, sijaona kitu kingine katika soko lote la elimu ambacho kwa elfu hamsini kinakupa kiasi hicho.

Tatizo ni kalenda. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na usajili wa kidato cha nne usio na faini hufungwa mwisho wa Februari. Mzazi ana takriban mwezi mmoja, na vipeperushi vinautumia mwezi huo huo. Chukua karatasi ya matokeo sasa, tafuta F ya hisabati, na uende kituoni kabla hujaketi na mtu yeyote barazani.